Kuondoa wekundu wa macho kwenye picha bila kuharibu mboni wala rangi ya ngozi

Swali la msomaji: Shikamoo mwalimu. Mwaka jana tulimwoza mdogo wangu hapa Tanga, na usiku wa hina tulipiga picha kwa kamera ndogo ya dijitali yenye flashi, kwa sababu ukumbi ulikuwa na taa hafifu. Picha zimetoka vizuri, ila macho ya watu wengi yamekuwa mekundu kama makaa. Nilijaribu programu moja ya kwenye simu. Bibi harusi akabaki na macho meusi kama mashimo, na shavu la mama likatoka doa la kijivu. Sasa nimewekewa GIMP, programu ya kuhariri picha, kwenye kompyuta. Nifanyeje ili macho yarudi yalivyo, kabla sijazipeleka picha hizi studio kusafishwa, yaani kutolewa kwenye karatasi? Na kwa nini mtoto wa dada yangu jicho moja limetoka jekundu na jingine jeupe?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na hongereni kwa harusi. Naanza na mwisho wa swali lako, kwa sababu hilo la mtoto haliwezi kusubiri mpaka tumalize habari za kompyuta. Wekundu unaouona kwenye macho ya wageni wenu ni mwanga wa flashi uliorudi kutoka nyuma ya jicho. Mboni moja inapotoa weupe badala ya wekundu, huenda sababu ikawa ni pembe tu: mtoto aligeuza macho kidogo, na mwanga ukagonga pale ambapo neva ya jicho inaanzia, mahali ambapo kwa asili ni peupe kuliko sehemu nyingine za ndani ya jicho. Lakini huenda pia ikawa ni mtoto wa jicho, au saratani ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), ambayo huwapata zaidi watoto walio chini ya miaka 5 na ambayo ina tiba nzuri ikigunduliwa mapema. Kwa kutazama picha peke yake, si mimi wala wewe tunayeweza kusema ni lipi kati ya hayo.

Kwa hiyo, tafadhali, mwambie dada yako ampeleke mtoto kwenye kliniki ya macho wiki hii hii, hata kama mtoto anaonekana kuona vizuri na halalamiki kitu. Wakihitaji kupewa rufaa, zipo idara za macho Muhimbili, Dar es Salaam, na KCMC, Moshi. Hiyo picha msiihariri hata kidogo. Ihifadhini kama ilivyotoka kwenye kamera, mumwonyeshe daktari, na mtafute nyingine za mtoto huyo zilizopigwa kwa flashi ili aone kama weupe huo unajirudia katika jicho lile lile. Nimelitanguliza hili kwa makusudi, kwa sababu programu nyingi za siku hizi hufuta dalili ya namna hii zenyewe bila mwenye picha kujua, na kamera nyingine hufanya hivyo kabla picha haijafika hata kwenye kadi.

Sasa nirudi kwa wageni wa usiku wa hina.

Mboni, yaani ule weusi wa katikati ya jicho, ni tundu. Tunaiona nyeusi kwa sababu ile ile inayofanya dirisha la chumba kisicho na taa lionekane jeusi mtu akiwa nje. Juani tundu hilo husinyaa mpaka kipenyo cha milimita 2 au 3. Katika ukumbi wenye taa hafifu hupanuka mpaka 6, 7, hata 8. Flashi huwaka na kuzimika kabla mboni haijapata nafasi ya kusinyaa, mwanga unaingia wote, unafika kwenye retina na kwenye tabaka la nyuma yake lenye mishipa mingi ya damu, kisha unarudi ukiwa umebeba rangi ya tabaka hilo. Unarudi karibu katika njia ile ile uliyojia. Kama lenzi iko karibu sana na flashi, basi inakuwa imekaa katika njia hiyo na inaupokea.

Katika kamera ndogo kama yenu, flashi iko kama sentimita 3 kutoka kwenye lenzi. Mtu akisimama mita 3 mbele yake, pembe kati ya mwanga unaokwenda na jicho la kamera haifiki hata nyuzi 1. Ni kama 0.6. Mpiga picha mwenye flashi kubwa ya kupachika juu ya kamera, iliyoinuka sentimita 15 kutoka kwenye lenzi, anapata karibu nyuzi 2.9 kwa umbali ule ule, na mwanga mwingi unaorudi unapita kando ya lenzi yake. Ndiyo maana picha za mpiga picha wa kukodiwa hazina tatizo hili, wakati za shemeji mwenye kamera ya mfukoni zinalo, ingawa wote wawili walisimama pamoja.

Kuna jambo moja linalotuhusu sisi hasa. Kiasi cha wekundu hutegemea pia melanini iliyo nyuma ya jicho, ile rangi ya asili inayofanya ngozi yetu na macho yetu kuwa ya kahawia. Mtu mwenye melanini nyingi humeza sehemu kubwa ya mwanga ule, na wekundu wake huwa hafifu zaidi, wa kutu au wa tofali, kuliko ule wekundu mkali unaouona kwenye macho ya mtu mwenye macho ya bluu. Katika picha ninazoletewa naona mara kwa mara kwamba programu inayotafuta duara jekundu linalowaka hulipita jicho la namna hii bila kuligusa, na mtumiaji akiilazimisha kwa kuongeza nguvu, inaanza kubadilisha na vitu visivyohusika. Bila shaka ndivyo lilivyotokea doa kwenye shavu la mama yako.

Hapa nakuomba uvumilie hesabu kidogo, kwa kuwa ukiielewa utaweza kutumia programu yoyote na kujua imekosea wapi. Kila pikseli, yaani kila kimraba kidogo kinachounda picha, ina namba tatu, za nyekundu, kijani na bluu, na kila moja ni kati ya 0 na 255. Majuzi nilifungua picha ya ukumbini iliyopigwa katika hali kama yenu, nikapima. Katikati ya mboni iliyowaka nilikuta nyekundu 210, kijani 60, bluu 50. Dawa ya kawaida ya programu nyingi ni kulinganisha nyekundu na wastani wa zile mbili nyingine. Wastani wa 60 na 50 ni 55. Nyekundu imeuzidi karibu mara nne, kwa hiyo programu inaamua kwamba hili ni jicho lililowaka, inaiondoa ile 210 na kuweka 55 mahali pake. Pikseli inakuwa 55, 60, 50, ambayo ni rangi iliyokaribia weusi, na mboni imerudi.

Nikapima shavu la bibi mmoja katika picha hiyo hiyo, nikakuta 120, 78, 60. Wastani wa kijani na bluu ni 69, na nyekundu imeuzidi kwa mara 1.7 hivi. Nikapima duara la kahawia linaloizunguka mboni, nikakuta 90, 55, 40, ambapo nyekundu imeuzidi wastani kwa mara 1.9. Ikiwa programu imewekewa kipimo cha mara 1.5, basi kwa hesabu yake shavu la bibi huyo ni jicho lililowaka, na duara la kahawia vile vile. Shavu linageuzwa kuwa 69, 78, 60, ambacho ni kijivu chenye ukijani, na kahawia ya jicho inapotea kabisa. Ngozi yetu, midomo, hina, na kanga nyekundu zote ziko katika eneo la rangi ambalo programu isiyoongozwa huliona kama kosa linalohitaji kusahihishwa.

Kutokana na hayo, kanuni ninayoifuata ni moja: kwanza naiambia programu mboni iko wapi, ndipo nairuhusu iguse rangi. Sitegemei itafute yenyewe, hata siku nina picha mia mbili mezani.

Jambo la pili ni lile la macho kuwa mashimo. Tazama jicho lolote katika picha nzuri, utaona nukta ndogo nyeupe, aghalabu sehemu ya juu ya mboni au pembeni kidogo. Ni kimeta cha taa au cha flashi kwenye uso wa jicho wenye unyevu. Kimeta hicho ndicho kinachomfanya mtu aonekane anatazama. Miaka ya mwanzo ya kazi hii nilikuwa nikichukua brashi nyeusi na kuijaza mboni yote, kwa kuwa ilikuwa njia ya haraka. Siku moja nilikabidhi albamu ya harusi, na mama wa bibi harusi akaikalia picha moja kwa muda mrefu. Kisha akaweka kidole usoni pa binti yake, akaniambia, “Mwanangu, huyu hatutazami.” Nilizirudia picha zote kwa gharama yangu, na tangu siku hiyo brashi nyeusi siipeleki machoni pa mtu.

Rudi sasa kwenye ile hesabu. Pikseli ya kimeta ni nyeupe, tuseme 250, 250, 250. Ukiondoa nyekundu yake na kuweka wastani wa kijani na bluu, unapata 250 tena, na kimeta kinabaki kilivyo. Njia ya kubadilisha chaneli nyekundu peke yake, yaani ile namba ya nyekundu ya kila pikseli, inaondoa wekundu na kuacha uhai wa jicho, wakati njia ya kupaka rangi inafunika vyote. Hiyo ndiyo nitakayokueleza.

Kabla ya kufungua GIMP, hakikisha unatumia faili lililotoka kwenye kadi ya kamera. Usitumie picha iliyopitia WhatsApp, na sababu yake si ukubwa tu. Katika mfumo wa JPEG, rangi mara nyingi huhifadhiwa kwa undani mdogo kuliko mwanga: vipande vinne vya pikseli vinaweza kugawana rangi moja. Picha inapobanwa tena na tena, wekundu wa mboni huvuja na kuingia kwenye kahawia, hata kwenye ukingo wa kope. Ukija kuusafisha unakuta mboni imepona lakini imevaa pete ya waridi. Nimeona watu wakihangaika na pete hiyo saa nzima, wakati faili la asili halikuwa nayo.

Fungua picha, kisha bonyeza Shift, Ctrl na D kwa pamoja ili kunakili tabaka. Utakuwa na matabaka mawili yanayofanana. Lile la chini usiliguse. Lipo ili uweze kulizima na kuliwasha la juu na kulinganisha, na ukikosea ulifute la juu uanze upya. Kuza picha mpaka jicho moja lijaze sehemu nzuri ya kioo, asilimia 300 au 400. Usiogope kuona vimraba, kwa sababu hivyo ndivyo unavyovifanyia kazi.

Bonyeza herufi E upate kifaa cha kuchagua kwa umbo la yai. Katika mipangilio yake, washa Feather edges, ambayo inalainisha ukingo wa eneo ulilochagua ili marekebisho yasiishe ghafla kama yamekatwa kwa wembe. Kiasi chake kitegemee ukubwa wa jicho. Kwa picha ya bibi harusi ya karibu, ambapo mboni ina upana wa pikseli 60 au 80, pikseli 3 zinatosha. Kwa picha ya kundi, ambapo mboni nzima ina pikseli 10, weka 1, la sivyo ulaini wenyewe utakuwa umevuka mpaka na kuingia kwenye kahawia.

Chora umbo juu ya mboni. Hapa ndipo kazi yote ilipo, kwa hiyo nakaa nalo kidogo. Fuata mpaka wa wekundu, usifuate mpaka wa jicho. Mara nyingi kope la juu huifunika sehemu ya mboni, hasa mtu anapocheka, na bila shaka usiku wa hina watu walicheka. Katika hali hiyo usichague duara kamili linalopanda juu ya kope. Chagua duara, kisha utumie kifaa cha kuchagua kwa mkono huru, ukishikilia Ctrl, kukata ile sehemu iliyoangukia kwenye ngozi. Jicho la pili liongeze kwa kushikilia Shift kabla ya kuanza kuchora. Ukimaliza utaona mistari inayotembea kuzunguka mboni mbili, na kila utakachofanya kuanzia hapo hakitatoka nje ya mistari hiyo. Shavu la mama liko salama.

Nenda kwenye menyu ya Colors, kisha Components, kisha Channel Mixer. Utaona makundi matatu ya vitelezi. Katika lile la chaneli nyekundu, shusha nyekundu kutoka 1 hadi 0, pandisha kijani hadi 0.5 na bluu hadi 0.5. Hiyo ni ile ile hesabu ya wastani, umeifanya kwa mkono wako. Kitu kinachoitwa Preserve luminosity kiache kimezimwa, kwa sababu kazi yake ni kurudisha mwanga ambao hapa tunataka upungue. Makundi mengine mawili usiyaguse. Utaona wekundu ukizimika mbele ya macho yako, na kimeta kikibaki.

Mara nyingine mboni itatoka kijivu badala ya nyeusi. Hii hutokea flashi ilipokuwa kali sana kiasi kwamba hata kijani na bluu zilipanda, tuseme pikseli ilikuwa 255, 120, 110, ambayo ikirekebishwa inakuwa 115, 120, 110. Uchaguzi wako ukiwa bado upo, fungua Colors kisha Curves, shika mstari sehemu ya katikati na uuvute chini taratibu. Ncha ya juu kulia usiisogeze, kwa maana ndiyo inayoshikilia kimeta. Simama mboni inapokuwa nyeusi kama nywele za mtu huyo katika picha hiyo hiyo. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia, kwa sababu katika picha ya flashi weusi kamili ni nadra, na mboni iliyo nyeusi kupita kila kitu kingine ndiyo inayofanana na shimo.

Kisha jiondoe kwenye ukaribu. Rudisha picha kwenye ukubwa unaojaa kioo, zima tabaka la juu, liwashe, tazama uso wote. Kosa ambalo halikuonekana kwa asilimia 400 linaonekana hapa, hasa jicho moja likiwa limekozwa kuliko jingine.

Kwa zile picha za kundi zenye nyuso ndogo, unaweza kutumia njia fupi zaidi. Chagua mboni kama nilivyoeleza, hata kwa haraka kidogo, kisha nenda Filters, Enhance, Red Eye Removal. Kuna kitelezi kimoja cha kizingiti, ambacho huanzia 0.4. Kadiri unavyokipandisha, ndivyo pikseli nyingi zaidi zinavyohesabiwa kuwa nyekundu. Kwa wekundu wa kutu niliousema, huenda ukahitaji kukipandisha kidogo kidogo, na kwa kuwa umeshachagua eneo, hakuna hatari ya kula ngozi. Usikitumie kichujio hiki kwenye picha nzima, ingawa kinakubali. Ukipata nafasi ya kutumia Photoshop, kifaa chake cha Red Eye kimejificha chini ya kile cha kuponya madoa, kwenye herufi J, na kina vitu viwili tu vya kupanga: ukubwa wa mboni na kiasi cha kukoza, vyote vikianzia asilimia 50. Kwa macho yetu ya kahawia mimi hushusha ukubwa wa mboni kabla sijabofya, ili rangi ya jicho isimezwe.

Ikiwa picha moja au mbili zimeshaharibiwa na ile programu ya simu na huna faili la asili, weusi uliopakwa hauwezi kuondolewa, kwa kuwa kilichokuwa chini yake hakipo tena. Kinachowezekana ni kurudisha kimeta. Ongeza tabaka jipya tupu, chukua brashi laini yenye upana kama robo ya mboni, rangi nyeupe, nguvu asilimia 80, na uguse mara moja tu. Usikisie mahali pa kukiweka. Tazama jicho la mtu aliyekaa karibu naye ambaye macho yake hayakuharibika, uone kimeta kiko upande gani na kiko juu kiasi gani, ukiweke hapo hapo, katika macho yote mawili kwa upande ule ule. Kimeta kilicho kulia katika jicho moja na kushoto katika jingine kinamfanya mtu aonekane ana makengeza.

Kama kati ya wageni wenu kuna mwenye ualbino, picha yake uishughulikie wewe mwenyewe na kwa utulivu zaidi. Kwa kuwa melanini nyuma ya jicho lake ni chache, wekundu wake chini ya flashi huwa mkali kuliko wa wote, na unaweza kupenya hata kwenye duara la rangi, si mbonini peke yake. Watu wengine huamini kwamba macho ya wenye ualbino ni mekundu, na picha kama hizi zimechangia kuieneza imani hiyo. Kwa kweli macho yao huwa ya bluu, ya kijivu au ya kahawia nyepesi. Kwa hiyo utafanya kazi mara mbili: mboni kwa njia ya chaneli niliyoeleza, kisha duara la rangi kwa kupunguza wekundu kidogo tu, nyekundu ibaki 0.6 au 0.7 badala ya 0, na kijani na bluu 0.2 au 0.15 kila moja ili jumla irudi kwenye 1. Tafuta picha yake ya mchana ulinganishe. Usimpe macho ya kahawia iliyokoza ambayo hakuzaliwa nayo.

Paka akiwa ameingia kwenye picha, kichujio cha wekundu hakitamsaidia, kwa sababu nyuma ya retina yake kuna tabaka linaloakisi mwanga kama kioo, na macho yake huwaka kijani au njano. Chagua mboni kwa njia ile ile, kisha punguza ukolezi wa rangi na mwanga kwa Hue-Saturation.

Kuhusu kuhifadhi, kwanza hifadhi kazi yako kama faili la XCF, ambalo linabeba matabaka yote, ili studio wakikuambia jicho fulani limekosewa uweze kurudi ulipoishia. Kisha tumia Export As kutoa JPEG ya kupeleka studio, kwa jina jipya, ubora 95, na katika mipangilio ya ziada uchague 4:4:4 kwenye sehemu ya subsampling, ili rangi ya mboni uliyoihangaikia isije ikavuja tena wakati wa kuhifadhi. Faili la kamera lisifunikwe kamwe. Ukitaka kuwatumia ndugu walio mbali kwa WhatsApp, itume kama hati badala ya kuituma kama picha.

Na kwa harusi ijayo, kabla ya kupiga, washeni taa zote za ukumbi zilizopo, hata zile ambazo mpambaji alitaka zizimwe, angalau kwa dakika chache za picha za familia, ili mboni zisinyae. Kamera yenu bila shaka ina alama ya jicho kwenye mipangilio ya flashi. Ukiiwasha, itatoa mwanga wa awali kabla ya flashi yenyewe, kwa nia hiyo hiyo. Waambie watu wasubiri mpaka mwanga wa pili, maana wengi hudhani picha imeshapigwa na hugeuka. Unaweza pia kuwaomba watazame bega la mpiga picha badala ya lenzi.

Usipeleke picha zote studio kwa mara moja. Chagua tatu, moja ya bibi harusi wa karibu, moja ya mama, na moja ya kundi, uzitoe kwenye karatasi kwa ukubwa wa kawaida wa inchi 4 kwa 6, kisha uzitazame karibu na dirisha mchana. Karatasi hukoza weusi kuliko kioo cha kompyuta. Ikiwa mboni zimezama mno kwenye karatasi, rudi kwenye faili la XCF, inua mstari wa Curves kidogo, na ndipo utoe zilizobaki.